Kakao ya Kyela: Mkulima anauza asichokionja

MKULIMA wa mpunga wa Kyela hahitaji kufundishwa ladha ya zao lake. Sufuria ikiwa jikoni, harufu tu inamtosha kujua kama mchele ni wa Kyela kweli au umechanganywa na wa kwingine. Wafanyabiashara wa Mbeya na Dar es Salaam wanalijua hilo, ndiyo maana jina la Kyela kwenye gunia la mchele lina bei yake.

Kwenye kakao mambo ni tofauti. Miti yake imejaa chini ya migomba na miembe, kuanzia Ipinda hadi karibu na Matema, lakini wengi wanaoivuna hawajawahi kutafuna punje iliyokaangwa. Ladha yake inajulikana zaidi kwa watu wa mbali. Kampuni ya Askinosie Chocolate ya mjini Springfield, Missouri, nchini Marekani, imewahi kuuza chokoleti zenye majina ya Mababu na Tenende, na mlaji wa huko hulipa zaidi kwa sababu ya ladha ya vijiji hivyo viwili.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilivuka Dola 10,000 za Marekani kwa tani kutokana na mavuno mabaya ya Ivory Coast na Ghana. Wakati huo karibu kila gunia lilipata mnunuzi, zuri kwa baya. Hadi mwishoni mwa 2025 bei hiyo ilikuwa imepungua kwa takriban nusu, na soko linaposhuka namna hiyo mnunuzi huanza kuchagua.

Anachochagua hakitoki shambani peke yake. Punje mbichi ya kakao ina uchungu na ukakasi mkali, haina hata dalili ya chokoleti. Ladha hujengwa ndani ya sanduku la kuvundikia. Siku ya kwanza na ya pili hamira za asili hugeuza sukari ya utelezi mweupe kuwa pombe, kisha bakteria huigeuza pombe hiyo kuwa siki. Joto hupanda hadi kati ya nyuzi 45 na 50, punje hufa, na hapo ndipo ukakasi unapungua. Kazi hiyo huchukua siku tano hadi saba, na punje hugeuzwa kila baada ya siku mbili ili hewa ipite.

Wenzetu wa visiwa vya Karibiani wanaijua biashara ya aina hii kwa njia nyingine. Ramu yao, pombe kali ya miwa, wengi huitengeneza kwa molasi, yale masalia meusi ya kiwanda cha sukari ambayo bei yake ni ndogo. Huchachushwa, hukenekwa, kisha huwekwa miaka mingi katika mapipa ya mbao. Kila mwaka sehemu yake hupotea kwa mvuke, na hasara hiyo hubebwa na mnywaji ambaye hunusa kwanza kabla ya kuonja. Kakao haihitaji miaka 12 ndani ya pipa. Inahitaji wiki moja ndani ya sanduku na jua la wiki moja hivi.

Kuipima si kazi ya maabara. Mkulima achukue punje 100 kavu bila kuzichagua, azipasue kwa kisu katikati kwa urefu, aangalie rangi. Kahawia yenye mipasuko ndani ni iliyovundikwa vizuri. Zambarau haijakamilika. Kijivu kama bamba la mawe haikuvundikwa kabisa. Baada ya hapo akaange chache kwa moto mdogo, amenye ganda na kutafuna taratibu. Uchungu kiasi ni wa kawaida, na uchachu kidogo kama wa tunda unapendwa. Ulimi ukikauka kama umeuma ndizi mbichi, sanduku lilifunguliwa mapema. Ukisikia ukungu, punje hazikukauka hadi unyevu wa asilimia saba hivi.

Tatizo ni kwamba mwenye miti michache huvuna ndoo moja au mbili, na kiasi hicho hakipati joto la kutosha. Kuvundika kwa pamoja, kaya kadhaa sanduku moja, kungemfaa, lakini kunadai kuaminiana kwenye mizani, na hapo vikundi vingi huvunjika.

Mwenye shida ya ada au dawa naye huuza mbichi papo hapo kwa mlanguzi. Hesabu yake ni rahisi: kilo 100 mbichi hutoa kati ya 35 na 40 kavu. Aliyeuza kilo tatu mbichi kwa fedha pungufu ya bei ya kilo moja kavu amehudumia mti mwaka mzima, na malipo ya wiki mbili za mwisho ameyaacha kwa mwingine.

Hata aliyevundika vizuri hajamaliza. Akifikisha gunia lake kwenye chama cha msingi na likamwagwa pamoja na la jirani aliyekausha punje zisizovundikwa, mnunuzi ataipa bei rundo zima kwa kuangalia zile mbovu. Karani wa ghala mwenye kisu na dakika kumi angeweza kuyatenga magunia hayo mlangoni.

Mvua za Aprili nazo huleta kishawishi cha kukausha juu ya moto wa jikoni. Punje hukauka, lakini hunywa moshi, na hakuna kiwanda kinachoweza kuutoa. Kichanja chenye paa la nailoni kina gharama, ila kinaweza kutumika misimu kadhaa, na kaya tano zinaweza kukichangia.