Kabla ya Kuandika `./configure`

Kama unajifunza kutengeneza tovuti huko Kibera au Kawangware, bila shaka umeshakutana na PHP, lugha aliyoianzisha Rasmus Lerdorf na kuitoa kwa umma mwaka 1995. Hufanya kazi kwenye seva, yaani kompyuta inayopokea maombi ya wasomaji na kuwarudishia kurasa.

PHP iliyopakiwa tayari ni kama nguo ya mtumba ya soko la Toi: unaivaa leo leo, ila ilikatwa kwa kipimo cha mwingine. Wengi inawatosha, nami siwalaumu. Anayetaka kipimo chake huanza na msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kabla hayajageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kugeuza huko ndiko kukompaili.

Amri ni tatu. `./configure` huchunguza kompyuta na kupokea matakwa yako, `make` hukompaili, `make install` huweka kila kitu mahali pake. Kwenye mashine kuukuu `make` huchukua muda. Stima ikipotea katikati usihofu. Ukiirudia, mara nyingi huendelea ilipoachia. Uamuzi wote, hata hivyo, uko katika amri ya kwanza.

Matakwa yako huandikwa kama machaguo. Kwa kawaida `--enable` huwasha kilichomo ndani ya PHP yenyewe, na `--with` huiunganisha na maktaba ya nje, yaani msimbo wa watu wengine unaotakiwa uwemo kwenye kompyuta kwanza. Andika `./configure --help` uone orodha ilivyo ndefu. Usiikariri! Jiulize kwanza tovuti yako itafanya kazi gani.

Tazama Voice of Kibera, tovuti ya mradi wa Map Kibera ulioanza mwaka 2009. Ilitumia Ushahidi, programu ya PHP iliyozaliwa hapa Kenya mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Wakazi walituma taarifa kwa SMS, zikaonekana kwenye ramani. Ukijenga PHP kwa ajili ya tovuti ya namna hiyo leo, kazi zenyewe zitakuchagulia. Taarifa zinahifadhiwa kwenye hifadhidata, ghala la kumbukumbu zilizopangwa. Kama ni MySQL, weka `--with-mysqli`. Kuzungumza na seva ya kampuni inayopitisha SMS kunataka `--with-curl`. Kupunguza ukubwa wa picha kunataka `--enable-gd`, na maandishi yenye herufi za lugha mbalimbali `--enable-mbstring`. Usichokihitaji kiache nje: utakuwa na machache ya kulinda.

Hapa wengi hukwama. `./configure` inasimama ikidai haioni libcurl, maktaba ya curl, nawe una hakika curl umeisakinisha. Ulichonacho ni cha kutumia tu. Kukompaili kunataka pia faili za wajenzi, ambazo Debian na Ubuntu huziweka katika paketi ya pekee, `libcurl4-openssl-dev`. Isakinishe, kisha rudia.

Ongeza pia `--prefix=$HOME/php`, ili PHP yako ikae kwenye folda yako bila kugusa ile ya mfumo. Ikikamilika, andika `$HOME/php/bin/php -m` uone viendelezi, yaani sehemu za ziada za PHP, vilivyoingia. Kama kimoja kimekosekana, `php -i` ya folda hiyohiyo itakuonyesha machaguo uliyoandika. Ongeza lililosahaulika, ujenge tena.