Cash Power ikikufa katika nyumba ya kupanga, nani analipa?



Wengi wetu tumetoka Bibokoboko, tukaenda kuishi Baraka, Uvira, Bukavu, Bujumbura ao Nairobi, na huko tuko wapangaji. Kule milimani mwanga wetu ni wa jua na tochi. Hatukukua na mita ukutani. Kwa hiyo siku Cash Power inakataa kuwaka na mwenye nyumba anasema "lete feza tununue ingine," mwanafunzi anachomoa feza ya minervali na kuitoa bila kuuliza. Leo tuulize.

Vitu vitatu, wenyewe watatu

Umeme wa nyumba ya kupanga tuugawe mara tatu.

Kwanza, mita. Kwa kawaida mita ni mali ya kampuni ya umeme, hata kama mteja alilipa gharama za kuunganishwa. Ndiyo maana kampuni inaweka sili juu yake, na wewe ukiifungua ni kosa. Huko Kenya na Tanzania, Kenya Power na TANESCO wanasema wazi: mita ikiharibika yenyewe, kampuni ndiyo inabadilisha, bure. Ikiwa mtu ameivunja ao ameichezea, mtu huyo analipa.

Pili, waya, prizi na swichi zilizo nyuma ya mita. Hizo ni za mwenye nyumba.

Tatu, yuniti unazotumia. Hizo ni zako, mpangaji.

Ukichunguza, mpangaji hana mali yoyote kwenye ule ukuta. Anatumia tu.

Sheria ya kwetu inaelekea wapi?

Kongo tuko na dekreti ya tarehe 30/7/1888 juu ya mikataba, ambayo hadi leo ni msingi wa mambo ya kupangisha. Wazo lake ni hili: mwenye nyumba anatoa nyumba ikiwa katika hali nzuri na anaitunza ili iendelee kufaa kwa kazi iliyopangishiwa. Mpangaji anabeba matengenezo madogo ya kila siku na kile alichoharibu yeye mwenyewe. Kisha kuna sheria namba 15/025 ya tarehe 31/12/2015 juu ya nyumba za kupanga, ile iliyoweka kwamba garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu.

Mita iliyochakaa ao iliyopigwa na radi si tengenezo dogo, na si wewe uliyeiharibu. Lakini tuseme ukweli: mtaani watu wanachangia vitu vingi vya umeme kutoka mfukoni, hata transfoma ya kartie. Kwa hiyo mazoea yanasema hivi na sheria inasema vile. Ukijua tofauti hiyo, unaweza kuongea na mwenye nyumba kwa adabu bila kuogopa.

Jirani zetu Tanzania wana mfano mzuri. Tangu mwaka 2021 serikali inakata kodi ya majengo kupitia LUKU, ambayo ndiyo Cash Power yao. Ilianza kwa shilingi 1,000 kila mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, basi feza inatoka kwake. Wapangaji walilalamika, na serikali ikawaambia waelewane na wenye nyumba ili wawarudishie. Tuchukue somo: mita haijui nani ana deni. Inakata yule anayenunua. Kurudishiwa ni kazi yako mwenyewe kudai.

Kabla ya kulipa, hakikisha imekufa kweli

Mita nyingi za kulipia kabla zinahesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na hesabu hiyo ilifika mwisho tarehe 24/11/2024. Mita ambayo haikurekebishwa inakataa tokeni mpya, na mtu anafikiri imekufa. Haijakufa. Inahitaji kodi mbili maalum za tarakimu 20 kutoka kwa kampuni. Unaingiza ya kwanza, kisha ya pili, kisha tokeni yako. Kama una tokeni za zamani ambazo hujaingiza, ziingize kwanza, maana baada ya hapo hazitakubaliwa.

Mara ingine ni mzigo tu umezidi: wapangaji wanne kwenye mita moja, kila mtu na resho yake. Mita inakata ili kujilinda. Zimeni resho, subirini kidogo, mujaribu tena.

Mita ndogo ya kiwanja

Nairobi na miji mingine, mwenye nyumba ananunua mita zake ndogo na kuzigawa kwa kila chumba. Hapo kampuni ya umeme haihusiki. Mita ni yake, amenunua yeye ili akusanye feza kwa urahisi. Ikikufa, ni yake kubadilisha.

Ikiwa hauna njia, unalipa

Wakati mwingine mtihani ni kesho na nyumba iko giza. Basi lipa, lakini kwa akili:

1. Piga picha ya mita, namba yake, na yuniti zilizobaki, ili udai zihamishiwe kwenye mita mpya.
2. Lipa kwenye ofisi ya kampuni na uchukue risiti. Usimpe fundi feza mkononi.
3. Andikeni karatasi ndogo na mwenye nyumba: "Mpangaji amelipa dola kadhaa za mita, zitakatwa kwenye kodi ya mwezi fulani." Wote wawili mutie sahihi. Usikate kodi peke yako bila mapatano. Hapo ndipo watu wanafukuzwa.
4. Ukihama, mita inabaki. Usipokuwa na ile karatasi, umemzawadia mwenye nyumba.

Na wewe unayetafuta chumba sasa: kabla ya kutoa garanti, nunua tokeni kidogo kwa namba ya mita ile. Yuniti zikitoka pungufu, uliza kama kuna deni la mtu aliyehama. Kisha omba mkataba uandike mstari mmoja: mita ikiharibika bila kosa la mpangaji, mwenye nyumba ndiye atashughulika na kampuni. Mstari huo hauna bei siku ya kuingia. Siku ya giza ndipo utajua thamani yake.