Uchachu Hauui Kila Kijidudu cha Maziwa

Swali linaloulizwa bila kuchoka, kwamba mgando uliotokana na maziwa mabichi uchemshwe au usichemshwe, huja likiwa limechelewa, kwa kuwa maziwa yaliyokwisha kuganda yakipashwa moto hukatika yakawa mabonge na maji. La kuulizwa ni yalifanywa nini kabla hayajagandishwa.

Chimbuko la swali hilo ni imani kwamba uchachu huua vijidudu vyote, imani iliyo ngumu kung'oka kwa sababu ina chembe ya ukweli. Bakteria wa asidi ya laktiki, yaani wale wanaotumia sukari ya maziwa na kutoa asidi inayoyachachusha, hushusha pH, ambayo ni kipimo cha uchachu, kutoka takriban 6.7 hadi karibu 4.5, na hapo bakteria wengi wanaoozesha chakula hushindwa kuzaana. Lakini kushindwa kuzaana si kufa. Brucella, bakteria wa ugonjwa wa kutupa mimba, ambaye David Bruce alimtambua kwa wagonjwa huko Malta mwaka 1887 kabla mbuzi wa kisiwa hicho hawajabainika mwaka 1905 kuwa ndio chanzo, huweza kuishi siku kadhaa ndani ya maziwa machachu, na baridi humwongezea uhai badala ya kumpunguzia. Bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe naye si wa kufukuzwa na uchachu wa siku mbili, na mgando mwingi hunywewa siku ya pili au ya tatu.

Watetezi wa imani hiyo hupenda kutaja mursik ya Wakalenjin wa Kenya, inayohifadhiwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu, wakisahau kwamba watengenezaji wake wengi huyachemsha maziwa na kuyapoza kwanza, kwa hiyo mfano wao unawahukumu wenyewe. Dhaifu zaidi ni hoja kwamba wazee waliyanywa mabichi maisha yao yote bila kuugua, kwani homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo vinavyoletwa na Brucella hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria au homa ya matumbo, na ambaye hakupimwa hawezi kuhesabiwa kuwa hakuugua.

Mwenye sufuria na ayachemshe maziwa mpaka yafoke, ingawa viwandani hutosha nyuzi 72 za Selsiasi kwa sekunde 15. Ayapoze yakiwa yamefunikwa, kisha atie kijiko cha mgando uliotokana na maziwa yaliyochemshwa, kwa maana mbegu ya mgando mbichi hurudisha kilichokwisha kuuawa. Maziwa yaliyoshinda juani yamwagwe, kwa kuwa baadhi ya sumu za bakteria, zikiwamo za Staphylococcus aureus, hazivunjwi na mchemko. Jokofu huchelewesha vijidudu tu, tena bakteria aitwaye Listeria huongezeka humo humo, na ng'ombe aliyetupa mimba apimwe na daktari wa mifugo, huku anayemkama na kumzalisha akivaa glavu, maana ugonjwa wa Brucella haupiti kwenye kikombe peke yake.