Katika 'Malaika' hamna majuto

Majuzi nilialikwa arusini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Bibi arusi alipotolewa, vijana wa bendi waliupiga wimbo wa Malaika, na waalikwa wote wakaitikia. Mwalimu mmoja wa sekondari aliyeketi kando yangu akaninong'oneza kwamba wimbo ule haufai siku kama ile, kwani ni kilio cha mtu anayejutia penzi lililokwisha kumponyoka. Hivyo ndivyo anavyowafunza wanafunzi wake.

Kwamba haufai arusini, nakubaliana naye. Anayeimba ndiye asiyeweza kuoa! Kwamba ni wimbo wa majuto, hapo tulibishana hadi pilau ikapoa.

Anayejuta ni mtu aliyetenda jambo, au aliyeacha kulitenda, kisha akatamani arejee nyuma. Mwimbaji wa Malaika hakumsaliti mpenzi wake wala hakumkimbia. Hana mali, basi. Na ushahidi umo katika sarufi yenyewe: kitenzi cha kuoa kimevishwa kiambishi -nge-, si -ngali-. Asemaye "ningekwenda" njia yake bado ipo, ila kuna kizuizi. Asemaye "ningalikwenda" safari imekwisha kumpita. Naam, katika mazungumzo ya leo viambishi hivi viwili huchanganywa ovyo, hata na sisi wasomi, na mwalimu mwenzangu hakukosa kunikumbusha. Hata hivyo, maneno yote mengine ya wimbo yanaunga mkono -nge-. Mwimbaji anazungumza na mpenzi aliye hai, anayemsikia, na anamweleza shida iliyopo sasa hivi. Mlango haukufungwa, umeshikiliwa na umaskini.

Neno malaika lenyewe limewapotosha wengi. Kwa Kiarabu ni wingi wa malak. Sisi tuliupokea wingi huo tukaufanya umoja pia. Tena Mswahili humwita malaika mtoto mchanga, na vinyweleo laini vya mwilini ni malaika vilevile. Kwa hiyo anayeitwa hivyo si lazima awe ameruka mbinguni, kama wadhanivyo baadhi ya wanafunzi, ambao humfisha msichana wa watu bila sababu.

Huenda ugeni wa waimbaji umechangia. Fadhili William, aliyefariki mwaka 2001, ndiye aliyeuvumisha kwetu, ingawa Adam Salim wa Tanzania naye alidai kuwa ndiye mtunzi. Kisha Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaupeleka Marekani katika sahani yao ya 1965, Boney M. wakauchezesha Ulaya mwaka 1981, na Angélique Kidjo akaurudia mwaka 1991. Msikilizaji asiyejua Kiswahili husikia huzuni ya sauti tu, na huzuni bila maneno hufanana na msiba. Lakini mwalimu wa Kiswahili hana udhuru huo.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akitusikiliza kwa muda mrefu, alitukatiza. "Wanangu," akasema, "wimbo huo mimi niliuimba miaka minne. Nilipopata jarife langu mwenyewe nikauacha."

Mwalimu akamwuliza yule msichana aliishia wapi. Mzee akamwonyesha kwa kidole bibi aliyekuwa akitupakulia pilau.