Kimbunga kwenye ramani: usisome namba moja ukaondoka

Leo tuongelee zile ramani za vimbunga. Kila bahari ikichafuka watu wanafungua mtandao, wanaona duara jekundu karibu na Mtwara, basi simu zinapigwa mpaka Newala. Mimi sicheki mtu, maana niliwahi kuisoma vibaya na aliyeumia ni mjomba wangu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya. Mjomba alikuwa na safari ya Dar, akanipigia: "Mpwa, wewe unayeshinda kwenye intaneti, niende nisiende?" Nikafungua ramani, nikaona namba za upepo zinashuka kadiri kimbunga kinavyosogea pwani. Nikamjibu, "Shikamoo mjomba, panda tu basi, hiki kimeshachoka." Akaondoka Masasi wikiendi hiyohiyo.

Upepo nilisoma sawa. Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei ikiwa imepungua nguvu. Ila mvua yake ilikata barabara ya Lindi kwenda Dar kule Kilwa, maeneo ya Somanga, na mjomba akalala njiani na mabasi na malori mengine. TMA walishatangaza mvua kubwa, tena Lindi na Mtwara wakatajwa. Mimi sikusoma tangazo, niliangalia picha.

Sasa tuanze na namba. Kwenye ramani ya kile kituo cha jeshi la Marekani cha Pearl Harbor, kila alama ya njia ya kimbunga ina tarehe, saa na kasi ya upepo. Kasi imeandikwa kt, yaani noti za mabaharia (sio za Benki Kuu!). Noti 1 ni kilomita 1.852 kwa saa, kwa hiyo zidisha mara mbili, halafu punguza kidogo. Noti 100 ni kama kilomita 185. Saa yenye herufi Z ni ya Greenwich, sisi tunaongeza masaa 3: 12Z ni saa tisa alasiri kwetu, na 00Z ni saa tisa usiku. Wengi wanachemka hapo, wanajiona wana muda kumbe hawana.

Duara tupu ni upepo chini ya noti 34. Likiwa na mikia miwili na katikati tupu ni dhoruba. Likijazwa rangi, kimbunga kimekamilika, noti 64 kwenda juu.

Madaraja 1 hadi 5 mnayoyasikia ni ya Saffir na Simpson, Wamarekani. Daraja 1 linaanza kilomita 119 kwa saa, la 3 linaanza 178, la 5 ni 252 kwenda juu. Lakini huku kwetu kituo rasmi ni cha Wafaransa pale kisiwa cha Réunion, na wao hawatumii madaraja hayo. Wanasema dhoruba ya wastani (63 hadi 88), dhoruba kali (89 hadi 117), kimbunga (118 hadi 165), kimbunga kikali (166 hadi 212), na kikali sana zaidi ya hapo. Tena wanachukua wastani wa upepo wa dakika 10, Wamarekani wanachukua wa dakika 1, ambao kawaida unatoka mkubwa kidogo. Ndio maana kimbunga kimoja unakikuta na namba mbili na watu wanabishana bure.

Lile eneo linalopanuka kama faneli mbele ya kimbunga halionyeshi ukubwa wake. Linaonyesha kitovu kinaweza kupita wapi, na siku zikiwa mbali makosa yanaongezeka. Ukiwa nje yake bado unaweza kulowa vizuri tu.

Na pande zote hazilingani. Kusini mwa ikweta kimbunga kinazunguka kama mshale wa saa, kwa hiyo upepo mkali zaidi huwa kushoto kwa njia yake. Mkumbuke Kenneth, Aprili 2019. Mtwara walifunga shule na watu wakahamishwa, halafu kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, tarehe 25. Kilikuwa kinaelekea magharibi, kushoto kwake ni kusini. Mtwara ilibaki kaskazini, upande wenye afadhali. Baadhi ya watu walisema TMA wametutisha bure. Mimi sikubaliani nao, mpaka ule ni pua na mdomo.

Ila kitu ambacho daraja halikuambii kabisa ni maji. Kenneth ilikuwa na upepo mkali kuliko Idai iliyopiga Beira mwezi mmoja kabla. Idai iliua zaidi ya watu 600 Msumbiji peke yake, Kenneth makumi. Idai ilileta mafuriko yaliyofunika mashamba na vijiji vizima.

Sisi wa Chiungutwa tuko mbali na bahari, na kimbunga kikipanda nchi kavu kinakosa joto la maji kinachokula, upepo unakufa. Mawingu yenyewe yanaendelea. Kwa hiyo siku hizi nikishaona kasi ya upepo nafungua na ramani ya mvua, halafu tangazo la TMA, ndio nampigia mjomba. Na yeye swali lake limebadilika, haniulizi tena kimbunga ni cha ngapi. Anauliza, "Mpwa, Somanga panapitika?"