Upanga Mmoja, Maadui Elfu: Zelda Aingizwa Vitani

(Makala ya mfululizo, sehemu ya pili)

Wiki iliyopita tuliwaacha Koei mwaka 2000, wakiwa wametoa Dynasty Warriors 2 kwa ajili ya PlayStation 2 na kugundua kwamba watu wanapenda mno kumwongoza jemadari mmoja akilifyeka jeshi zima peke yake. Mchezo ule, uliochota mashujaa wake kutoka riwaya ya Kichina ya Falme Tatu, ulizaa wengine wengi: roboti za Gundam mwaka 2007, maharamia wa One Piece mwaka 2012. Leo tumtazame mtoto ambaye ni wachache waliomtarajia. Anaitwa Hyrule Warriors. Alitoka Japani Agosti 2014 kwenye mashine ya Wii U, na Septemba akafika Ulaya na Marekani.

Kwa asiyeifahamu, The Legend of Zelda ilianza Februari 1986, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka wa Nintendo. Miyamoto amesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akizurura misituni na kuingia mapangoni utotoni mwake huko Sonobe, karibu na Kyoto, na kwamba kumbukumbu hizo ndizo alizozitia ndani ya mchezo. Kijana aitwaye Link anaizunguka nchi ya Hyrule peke yake. Anapewa upanga, lakini shughuli yake kubwa ni kufikiri: ukuta upi unalipuka kwa bomu, kichaka kipi kikichomwa kitafunua ngazi, mlango huu unafunguliwaje. Maadui wapo, ila huja watatu wanne, na kila mmoja ana hila yake. Huyo ndiye kijana aliyechukuliwa akatupwa katikati ya maelfu.

Kazi ya ujenzi walipewa Omega Force, kikosi kilekile cha Dynasty Warriors, wakishirikiana na Team Ninja. Wote wawili wako chini ya Koei Tecmo, kampuni iliyozaliwa Koei na Tecmo zilipoungana mwaka 2009. Nintendo nao walimweka Eiji Aonuma, msimamizi wa Zelda wa miaka mingi, aiangalie kazi. Mtayarishaji Yosuke Hayashi alieleza kwamba mpango wa kwanza ulielemea upande wa Zelda: safari kutoka mji hadi mji, mapango yenye majitu ya kupigana nayo mwishoni. Miyamoto akaupindua. Alitaka kinyume chake, yaani Dynasty Warriors iwe shina na Zelda ipandikizwe juu yake.

Naona alikuwa sahihi, na ili kuona kwa nini, lazima tukubaliane kwanza jinsi michezo hii inavyofanya kazi. Anayeitazama kwa mbali huiona ni ya kubonyeza vitufe ovyo. Ana haki kiasi. Kipo kitufe cha pigo jepesi na kitufe cha pigo zito, na idadi ya mapigo mepesi unayotanguliza ndiyo inayoamua lile zito litakuwa la namna gani. Kipimo cha pigo maalumu kikijaa, unabonyeza kitufe kimoja na askari hamsini wanaruka hewani. Vijana wa vibanda vya gemu huku kwetu, waliozoea mpira, huuliza kama michezo hii ina magoli. Magoli yake ni hesabu ya maadui walioangushwa, inayopanda pembeni mwa skrini bila kupumzika.

Lakini hesabu hiyo ndiyo inayomdanganya mchezaji mgeni. Askari wa kawaida hawakuwekwa pale wakuue. Wengi wao wamesimama tu wakingoja zamu yao ya kurushwa. Hatari yote ipo kwenye ile ramani ndogo ya pembeni. Uwanja umegawanywa katika ngome, na ili uiteke ngome unapunguza walinzi mpaka kamanda wao ajitokeze, kisha unammaliza yeye. Wakati unashughulika na hilo, upande wa pili jemadari mwenzako Impa anaomba msaada, adui mpya ametokea mlango wa nyuma, na makao yako makuu yanazidi kupoteza nguvu. Unaweza kuwa umeangusha watu 1,200 bila kuguswa na bado ukashindwa, kwa kuwa yaliyokuwa yanatokea nyuma yako hukuyatazama. Kazi halisi ya mchezaji ni kuamua awe wapi, na amwache nani ajitetee mwenyewe.

Msomaji wa tendi zetu za kale hawezi kushangazwa na shujaa anayeangusha mamia. Katika Utendi wa Tambuka, na zaidi katika Rasi l-Ghuli, upanga wa Ali haukwami. Ila mtunzi wa utendi huwapita upesi wale mamia. Anapokaa ni pale mashujaa wawili wanapokabiliana, wakatambiana kabla ya kupigana. Omega Force wamefuata njia hiyohiyo bila ya kutujua sisi: umati ni pazia, pambano ni la majemadari.

Sasa rudi kwa Miyamoto. Lau mpango wa kwanza ungefuatwa, tungepata Zelda dhaifu yenye mapango ya haraka na mafumbo mepesi. Alivyoamua yeye, vifaa vya Link viliingia vitani kama silaha za kuvunja hila za majitu. Mfano mzuri ni Mfalme Dodongo, mjusi mkubwa. Upanga haumfanyi kitu. Unazunguka mbele yake, unangoja afumbue kinywa avute pumzi ya moto, na hapo unamtupia bomu. Analimeza, anaanguka, na alama ya udhaifu inatokea juu yake. Unaikata haraka kabla hajasimama, na ikiisha yote shujaa wako anampa pigo la kufungia kazi. Gohma anataka mshale wa jichoni, Manhandla anataka bumerangi. Mchezaji wa zamani anayajua haya tangu miaka ya themanini na tisini. Utamu ni kwamba safari hii anayafanya huku jeshi zima likimzonga.

Kasoro iko papo hapo. Katika Zelda, fumbo ukishalifumbua limekwisha. Hapa Dodongo anarudi tena na tena, wakati mwingine wawili kwa pamoja, na kufikia mara ya kumi hila yake haina ladha. Kungoja afumbue kinywa kunageuka kupoteza muda, na muda ndicho kitu ambacho vita hivi havikupi.

Hadithi yenyewe sitaikalia. Mchawi Cia, mlinzi wa zama, anampenda shujaa asiyeweza kumpata, Ganondorf, adui mkuu wa Hyrule, anautumia udhaifu huo, na malango yanafunguka kuelekea zama za michezo ya awali ya Zelda: Ocarina of Time, Twilight Princess na Skyward Sword. Ni kisingizio cha kuwakusanya mashujaa wa vizazi mbalimbali uwanja mmoja, na kama kisingizio kinatosha.

Penye thamani kubwa ni sehemu iitwayo Adventure Mode. Watengenezaji walichukua ramani ya mchezo wa kwanza wa 1986, na picha zake za vidoti vikubwa, miraba 16 kwa 8, wakakigeuza kila kiraba kuwa vita. Kimoja kinataka uwaangushe idadi fulani ya maadui kwa dakika chache, kingine kinakuuliza ni yupi kati ya maadui wawili anayedhurika kwa moto, na jibu lako ni kumpiga. Ukishinda vizuri unapata kadi: mshumaa, dira, bomu. Kisha unarudi kwenye ramani na kutafuta kichaka cha kuchoma kwa mshumaa huo, ili silaha mpya itokee. Aliyecheza ule wa kwanza akiwa mtoto anaweza kukikumbuka kichaka kabla hajaitumia dira. Kwangu hapo ndipo pandikizi liliposhika. Uzururaji wa Sonobe, uliokuwa umefukuzwa uwanjani kwa kukosa nafasi, ulipewa makao kwenye ramani inayounganisha vita na vita.

Zaidi ya nakala milioni moja zilitoka, na hiyo ni kwenye Wii U, mashine ambayo yenyewe haikupata wanunuzi wa kutosha. Mwaka 2016 mchezo ulihamia Nintendo 3DS na kumleta Linkle, msichana wa kijijini mwenye pinde mbili za kufyatulia, anayeamini yeye ndiye shujaa aliyetabiriwa na anayepotea njia kila anapokwenda. Mwaka 2018 ukaingia Switch ukiwa na yote kwa pamoja.

Novemba 2020 ndipo mambo yalipogeuka. Age of Calamity, Hyrule Warriors iliyofuata, haikukusanya zama. Ilichukua kisa kimoja, maafa yaliyotokea miaka 100 kabla ya Breath of the Wild, mchezo mwingine wa Zelda. Aliyecheza Breath of the Wild alijua tayari kwamba mashujaa wanne, Mipha, Daruk, Revali na Urbosa, wote walikufa siku ile, na alinunua mchezo huu mpya akijiandaa kuwapeleka kifoni kwa mikono yake mwenyewe. Badala yake alikutana na Terrako, kiroboti kidogo kilichorudi nyuma katika wakati, na historia ikapindishwa wakaokolewa. Nakala zilizidi milioni nne, idadi ambayo aina hii ya michezo ilikuwa haijawahi kuifikia. Malalamiko nayo hayakukosekana, na mimi niko upande wa walalamikaji. Mchezo ambao kila siku unakufanya ushinde dhidi ya elfu moja ulikuwa na nafasi adimu ya kukuonyesha vita ambavyo ushujaa haukutosha, ukaiacha ipite.

Koei Tecmo walipewa nafasi ya pili. Age of Imprisonment ilitoka Novemba 2025 kwenye Switch 2, ikisimulia vita vya kale ambavyo Zelda nyingine, Tears of the Kingdom, ilikuwa imevigusa kidogo tu. Wiki ijayo tutaanzia hapo.