Usitie Chuma Katika Maikrowevu

Jiko la maikrowevu hupasha chakula kwa mawimbi yanayotikisa maji yaliyomo katika chakula hicho. Mawimbi hayo hayapenyi chuma wala alumini. Penye ncha au wembamba, kama meno ya uma, karatasi ya alumini iliyokunjamana au ukingo wa dhahabu wa kikombe, umeme hujikusanya na kurusha cheche. Cheche zaweza kuwasha moto.

Kwa hiyo tumieni vyombo vya kioo au udongo vinavyostahimili joto, visivyo na urembo wa dhahabu. Wafundisheni watoto kutoa kijiko kabla ya kuwasha jiko.

Moto ukitokea ndani, msifungue mlango, kwani hewa huuchochea. Zimeni swichi ya ukutani, subirini uzimike. Usipozimika, tokeni nje pamoja na watoto, kisha iteni msaada.